Alama za mtajo na masimulizi ya nyanya wa Kasigau

MWALIMU mmoja wa Makwasinyi, kule Voi chini ya Mlima Kasigau, ameniletea swali ambalo nimelikalia kwa majuma mawili. Wanafunzi wake wanaandika insha ya Kiingereza kuhusu uhamisho wa 1915. Wamewahoji wazee nyumbani, wakarudi na madaftari yaliyojaa masimulizi ya Kikasigau na Kiswahili. Sasa mwalimu anauliza: mtoto akiyafasiri maneno ya nyanya yake kwa Kiingereza, je, ana ruhusa ya kuyatia ndani ya alama za mtajo? Nyanya mwenyewe hakutamka neno hata moja la Kiingereza.

Kwa wasioijua habari hiyo, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka Agosti 1914, Wajerumani walivuka mpaka wakaiteka Taveta. Mwaka uliofuata askari wao walikuwa wakiivizia reli karibu na Voi na Maungu, na Kasigau iko katikati ya mpaka na reli hiyo. Waingereza wakawashuku wenyeji wa mlimani kwamba wanampasha adui habari. Vijiji vikachomwa, watu wakaswagwa hadi pande za Malindi, na wengi wakafia huko kwa njaa na maradhi. Walionusurika waliruhusiwa kurudi mnamo 1936.

Hebu hesabu, msomaji. Aliyekuwa na miaka kumi wakati wa kuhamishwa hayupo nasi leo. Nyanya anayehojiwa anasimulia aliyosimuliwa na mamake. Kwa hivyo mwanafunzi ana usemi uliomo ndani ya usemi, na Kiingereza kina kanuni yake hapo: maneno ya nyanya yakifungwa kwa alama pacha, ya mamake yafungwe ndani yake kwa alama moja moja. Wachapishaji wengi wa Uingereza hugeuza mpangilio huo, wakaanza na alama moja. Wamarekani huanza na pacha. Tena Mmarekani huingiza nukta na koma ndani ya alama ya kufungia, hata kama hazikuwa za msemaji, ilhali Mwingereza huziacha nje zisipokuwa sehemu ya maneno yaliyonukuliwa. Mimi sina ugomvi na yeyote kati yao. Chagua mmoja umfuate hadi mwisho wa insha.

Kilicho kizito zaidi ni kazi ambayo alama hizi zilizaliwa kuifanya. Wasomi wa Aleksandria ya kale, Aristarchus akiwa mmojawapo, walikuwa wakichora kialama mfano wa kichwa cha mshale pambizoni mwa mistari ya Homer iliyohitaji maelezo. Kufikia karne ya 7 Isidore wa Seville anatuarifu kuwa waandishi wa Kanisa walikitumia kialama hicho kutenga ushahidi wa Maandiko Matakatifu. Zingatia neno hilo, ushahidi. Wapiga chapa wa karne ya 16 wakaweka koma mbili mbili pambizoni, na katika karne ya 18, riwaya ziliposhamiri Uingereza, koma hizo zikaingia ndani ya mstari na kuwa alama za mazungumzo tunazozijua.

Waswahili waliandika kwa hati za Kiarabu kwa karne kadhaa bila alama hizo. Mtunzi wa utenzi alikuambia nani anasema kwa kitenzi chenyewe, na msikilizaji hakupotea. Hata Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya 1952 haizitumii. Hutenga usemi kwa koma na herufi kubwa. Isitoshe, tunalo neno letu dogo lenye kazi ambayo Mwingereza huipa alama za mtajo anapotilia shaka: eti. Wanafunzi wangu chuoni siku hizi hupinda vidole viwili hewani, nami huwauliza mbona wasiseme tu "eti". Na niliwahi kuona bucha moja kando ya barabara kuu lililoandikwa nyama "safi". Nilipita zangu, maana nilisoma: nyama eti safi.

Turudi kwa nyanya. Mwalimu anaweza kusema, basi tukwepe taabu, watoto watumie usemi wa taarifa. Lakini tazama mfano huu niliojibunia mwenyewe. Tuseme mamake nyanya alisema Malindi, "Tutarudi." Kwa kanuni tunazofundisha shuleni, usemi wa taarifa unakuwa: alisema kwamba wangerudi. Lo! Ile -ta- ya ahadi imegeuka -nge-, na sikio la Mswahili likisikia -nge- hungoja "lakini". Mama aliyeapa atarudi anageuka mtu aliyetamani tu, na ilhali wapo waliorudi. Kiingereza nacho hurudisha kitenzi nyuma vivyo hivyo. Usemi wa taarifa unafaa pale mtoto anapokumbuka maana bila kukumbuka maneno. Pale alipoandika au kurekodi maneno yenyewe, ayanukuu.

Na tafsiri je? Inakubalika kuwekwa ndani ya alama za mtajo, mradi msomaji aambiwe kuwa ni tafsiri na ni ya nani. Bora zaidi, maneno ya asili yabaki. Askofu Edward Steere alipotoa hadithi zilizosimuliwa na wenyeji wa Zanzibar, mnamo 1870, alipanga Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoukabili. Asiyeiamini Kiingereza yake hutupa jicho upande wa pili. Insha ya mwanafunzi haina nafasi hiyo yote, lakini sentensi mbili tatu za Kikasigau, kila moja ikifuatwa na tafsiri yake, zitaenea. Akiongeza neno lake la ufafanuzi, alitie kwenye mabano ya mraba. Akiruka maneno, aweke alama za dukuduku, na asiruke yale yanayogeuza maana.

Kuna neno moja la upande wa pili ambalo ningemwomba mwalimu alichunge: usaliti. Mwanafunzi akiandika bila alama kwamba Wakasigau waliwasaliti Waingereza, amelibeba shtaka hilo kwa kinywa chake. Akilifunga neno usaliti peke yake kwa alama, amesema eti, bila kutuambia nani alitamka wala kwa ushahidi gani. Yote mawili siyapendi. Aandike waziwazi kwamba maofisa wa Kiingereza waliwashutumu, na akipata hati iliyoandikwa na ofisa wa siku hizo, aidondoe neno kwa neno, aonyeshe tarehe na aliyeiandika.

Halafu nyanya apewe haki iyo hiyo. Nimesoma tasnifu nyingi ambamo ofisa ananukuliwa mistari sita, kisha wanakijiji wanaunganishwa pamoja katika "wazee wanasema kwamba". Chini ya maneno ya nyanya, akiridhia, liandikwe jina lake, kijiji chake, tarehe ya mazungumzo, lugha aliyoitumia, aliyemsimulia habari hiyo, na mtoto aliyeifasiri.