Urithi Uliopunguzwa

Msomaji, ukipita katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Pumwani na Kaloleni hata Bahati na Makongeni, wapita katikati ya urithi. Nyumba zile zilijengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa mji na wa reli. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba, 1963, watawala wapya waliurithi mzigo wote: kuta, mapaa, mifereji na kodi. Hawakukabidhiwa maandishi yote ya siri ya wale waliowatangulia.

Kumbuka tarehe 24 Aprili, 1954. Alfajiri ile askari waliuzingira mji katika msako ulioitwa Anvil, yaani fuawe. Walipita mtaa kwa mtaa, mlango kwa mlango, wakiwatoa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Zaidi ya watu 20,000 walitiwa kizuizini pasipo kuhukumiwa, wakapelekwa Langata, Mackinnon Road na Manyani. Nani aliamuru? Nani alimtaja jirani yake? Mambo ya namna hiyo huandikwa katika faili.

Mwaka 1961 Iain Macleod, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, aliagiza kwamba makaratasi yawezayo kuiaibisha serikali yake, au kuwafichua wapelelezi wake, au kutumiwa vibaya na mawaziri wa serikali mpya, yasikabidhiwe. (Uingereza kwenyewe iko desturi kwamba waziri mpya hasomi nyaraka za siri za chama kilichomtangulia, lakini huko nyaraka hubaki kabatini, na maofisa wa kudumu huzijua.) Huku kwetu nyingine zilichomwa, na ikaagizwa hata majivu yavunjwevunjwe, nyingine, faili zipatazo 1,500, zikasafirishwa Uingereza. Kwa hiyo waziri mpya alikalia kiti bila kujua ni nani aliyeonewa, wala kwa nini jamaa fulani waliondolewa chumbani mwao. Atasimamiaje haki ya mpangaji?

Kenya iliziomba faili hizo, ikanyimwa. Ilipofika mwaka 2011, wazee walioteswa kambini wakiishtaki serikali ya Uingereza mjini London, ndipo ilipokiri kwamba zimehifadhiwa Hanslope Park. Mwaka 2013 ilikubali kulipa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za shauri, kwa ajili ya watu 5,228.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 35, yampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali yake. Faili zile ziko Kew, London.