Korona, Kafyu na Hatua Tulizopoteza Bondeni

Ukimuuliza mzee wa Bondeni kama hufanya mazoezi, huenda akacheka. Mazoezi kwake ni ya vijana wa mpira na wale wanaokimbia asubuhi na kaptura. Lakini itazame siku yake ilivyokuwa kabla ya Machi 2020. Alfajiri msikitini kwa miguu, akirudi apitia kwa muuza mahamri na mbaazi. Saa nne ashuka Marikiti kununua mboga. Adhuhuri msikitini, alasiri msikitini, magharibi na isha vivyo hivyo, na katikati yake kikombe cha kahawa kwenye baraza ya mtaa wa tatu. Hakuna aliyeyaita hayo mazoezi. Korona ilipokuja ikayazuia moja baada ya jingine, ndipo ikabainika kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa yakituweka wima.

Mimi nimehesabu. Kutoka mlangoni kwangu hadi msikiti ninaoswali ni hatua 310. Kwenda na kurudi ni 620, na mara tano kwa siku ni hatua 3,100, zaidi ya kilomita mbili. Wataalamu huchukulia hatua 100 kwa dakika kuwa ndio mwanzo wa mwendo wa wastani, yaani ule unaoufanya moyo upige haraka kidogo na bado mtu aweza kuzungumza na mwenzake. Kwa kipimo hicho, safari ya msikitini peke yake yanipa kama dakika 31 kwa siku, 217 kwa wiki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Novemba 2020, lataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kila wiki. Mwongozo huo pia uliliacha sharti la zamani kwamba mwendo hauhesabiwi mpaka utimie dakika kumi mfululizo. Kwa hivyo zile dakika tatu tatu za vichochoroni zahesabika zote. Mzee wa miaka 70 hatembei kwa kasi yangu, ni kweli, lakini kwa mwili wake mwendo huo wa polepole ni kazi.

Mgonjwa wa kwanza nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kabla ya mwezi kwisha, shule, madrasa, misikiti na makanisa vilikuwa vimefungwa, na tarehe 27 ikaanza kafyu ya saa 1 usiku hadi saa 11 alfajiri. Watu wa Mombasa waikumbuka siku ile kwa yaliyotokea kivuko cha Likoni, ambapo abiria waliokuwa wakiharakisha kurudi makwao walipigwa virungu na kurushiwa vitoza machozi kabla hata saa ya kafyu haijafika. Tarehe 8 Aprili kaunti nzima ikafungwa. Kisha, tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, ikatangazwa kwamba Mji wa Kale, pamoja na Eastleigh kule Nairobi, hauingiliki wala hautokeki, na masoko na mikahawa ya humo yafungwe. Ilidumu mwezi mzima, hadi tarehe 6 Juni. Anayezijua nyumba zetu, vyumba viwili vya ghorofani na watu wanane ndani, aelewa maana ya kuambiwa kaa nyumbani.

Jambo lisilozungumzwa sana ni zile saa zenyewe. Kafyu ilikuwa moja kwa nchi nzima, lakini joto si moja kwa nchi nzima. Nairobi mtu aweza kukimbia saa saba za mchana mwezi wa Aprili asione shida. Huku Machi na Aprili ni miezi ya joto kali, nyuzi 32 na unyevu wa bahari juu yake. Tangu jadi mtu wa Pwani huutumia mchana kukaa kivulini, na miguu huitoa baridi ikiingia: baada ya magharibi mpaka saa nne za usiku, na tena alfajiri. Jua letu huzama kama saa 12 na nusu. Kafyu ya saa 1 ikatuachia nusu saa ya baridi, na nusu saa hiyo watu waliitumia kukimbizana kufika nyumbani. Alfajiri ilibaki kidogo, na wapo walioitumia vizuri, lakini wengi wa hao walikuwa vijana wa kiume.

Uingereza, walipofungiwa watu ndani mwezi huo huo wa Machi, serikali ilitamka wazi kwamba mtu aruhusiwa kutoka mara moja kwa siku kwa mazoezi. Uhispania watu wazima walinyimwa hata hilo mpaka tarehe 2 Mei. Kwetu hakuna aliyekataza kutembea mchana. Jua ndilo lililokataza. Na katika matangazo yote ya kila siku ya kunawa mikono na kuvaa barakoa, mimi sikusikia neno moja la kumwambia mama aliyefungiwa ghorofani ainyooshe miguu yake vipi.

Nasema mama kwa sababu wanawake ndio waliopoteza zaidi. Mchana wao ni wa jiko, watoto na biashara ndogo za mlangoni. Saa yao ilikuwa baada ya isha, mtu na shoga zake, mabuibui yakipepea, wakiteremka mpaka Mama Ngina kwenye upepo wa bahari na kurudi. Bustani ile ilikuwa ndiyo kwanza imefanyiwa ukarabati na kufunguliwa, sherehe za Mashujaa zilipofanyika pale tarehe 20 Oktoba 2019. Waliifaidi miezi mitano. (Mtu atasema kule walikwenda kula mihogo na kachri. Walikula, ndiyo, lakini walikwenda kwa miguu.) Harusi nazo zikapunguzwa hadi watu 15. Asiyezijua harusi zetu ataona hilo halina uhusiano na afya, lakini mwanamke wa makamo aliyecheza chakacha saa mbili ukumbini, na harusi tatu kwa mwezi, hakuwa na haja ya jimu.

Shangazi yangu ana sukari tangu 2011. Kabla ya korona kipimo chake cha asubuhi kabla ya kula kilikuwa 7, kikipanda 8. Wakati Mji wa Kale umefungwa kikawa 12, siku nyingine 13, na dawa ni zile zile na chakula, kwa kuwa pesa zilipungua, kilikuwa kichache kuliko kawaida. Si muujiza. Misuli ndiyo ghala kubwa la sukari mwilini. Tukila, sehemu kubwa ya sukari inayoingia damuni huchukuliwa na misuli kwa msaada wa insulini. Misuli inayofanya kazi huwa na mlango wa pili: huivuta sukari hata pale insulini inapokuwa dhaifu, na ndiyo sababu kutembea kidogo baada ya kula humfaa mno mwenye ugonjwa huu. Misuli ikikaa tu, mlango huo hufungwa na sukari hubaki damuni. Kliniki alikuwa haendi, kwa kuogopa asije akapimwa joto mlangoni akapelekwa karantini. Hakuwa peke yake.

Presha nayo yaenda njia hiyo hiyo, kwani moyo usiozoezwa na mishipa isiyonyooshwa hukakamaa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya Wakenya watu wazima walikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu hawakuwahi kupimwa hata mara moja. Kwa hivyo wengi waliingia kwenye kafyu hawajui walichobeba.

Misikiti iliporuhusiwa kufunguliwa Julai 2020, masharti ya mwanzo ya Baraza la Dini Mbalimbali yalikuwa watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na asiingie aliye chini ya miaka 13 wala aliyepita 58. Siilaumu sababu yake. Korona iliwaua wazee kuliko vijana, na msikiti wetu ni mdogo. Lakini aliyepita 58 ndiye aliyekuwa na haja zaidi ya zile hatua. Kuna jaribio lililofanywa Marekani na kuchapishwa 2007: wazee 12 wenye afya njema walilazwa kitandani siku 10 tu, na miguu yao ikapoteza karibu kilo moja ya nyama. Kukaa nyumbani si kulala kitandani, lakini wazee wetu hawakukaa siku 10. Leo tazama safu za msikitini uone viti vya plastiki vilivyoongezeka. Baadhi ya wanaovikalia walikuwa wakisujudu chini bila taabu mwaka 2019, na sajda za faradhi ni 34 kwa siku. Umri wachangia, ndiyo. Lakini magoti hayachoki kwa mwaka mmoja hivi hivi.

Haya hayakuwa ya Mombasa pekee. Watafiti walioangalia simu za watu 455,404 katika nchi 187 waliona kwamba siku 30 baada ya korona kutangazwa kuwa janga la dunia, tarehe 11 Machi 2020, hatua za watu zilikuwa zimepungua kwa asilimia 27.3. Na California, wagonjwa 48,440 wa korona walipochunguzwa, matokeo yakatolewa 2021: wale ambao kwa miaka miwili kabla walikuwa hawajishughulishi kabisa walikuwa na uwezekano wa kufa zaidi ya mara mbili kuliko waliokuwa wakifikisha zile dakika 150. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba kukaa ndiko kulikowaua, maana mgonjwa naye hukaa kwa sababu ni mgonjwa. Hata hivyo si wa kupuuzwa.

Hamali na wavuta mikokoteni wa Marikiti hawakuathirika kwa njia hii. Wao walikosa kazi, wakakosa chakula, na kumwambia mtu kama huyo habari za mazoezi ni kumkejeli. Watoto nao, bila shule wala madrasa, walikamata simu. Wengi wameshairudia mipira yao, alhamdulillahi.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, karibu miezi 19 tangu ianze. Usiku wa Mama Ngina umerudi, na wapo vijana walioanza baiskeli wakati ule ambao hadi leo wavuka daraja la Nyali kila Jumapili. Wasiorudi ni wazee na akina mama wenye uzito uliozidi, na hao hawarudi kwa kuambiwa wakakimbie. Aliyelegea miguu aanze na kiti: ainuke na kukaa mara kumi bila kushika kitu, asubuhi na jioni, mtu akiwa karibu. Baada ya kila mlo dakika kumi za kutembea, hata ikiwa ni ukumbini au juu ya paa. Mwanamume aanze na swala moja msikitini kwa miguu, wiki ya pili ziwe mbili, bodaboda ibaki ya mvua. Aliyewahi kuugua korona na bado apungukiwa na pumzi aende taratibu zaidi, na akisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu asimame na amwone daktari kabla ya kuendelea. Mwenye sukari asitoke na kandambili kwenye mawe ya vichochoro vyetu. Avae kiatu chenye mkanda nyuma, na akirudi azitazame nyayo, maana kidonda chaweza kuwapo asikisikie.