Mume wa Saizi Yake

Mtamba wetu aliitwa Kemunto, na nikisema ukweli, mimi ndiye niliyemuua. Nilikuwa Rongai siku hiyo, na mshahara wangu wa kwanza ulikuwa bado unawasha mfukoni. Magokoro, yaani nyanya yangu, akapiga simu kutoka Nyansiongo kusema ng'ombe ameonyesha joto tangu asubuhi na daktari wa kupandisha atapita jioni. Nikauliza mbegu gani ziko. Kulikuwa na Jersey, na kulikuwa na Friesian ya ng'ambo, fahali mkubwa ambaye binti zake, daktari alisema, wanajaza ndoo mpaka unaazima nyingine kwa jirani. Nikasema hiyo ya pili, mimi nalipa.

"Omochokoro," akaniambia, "huyu ni mdogo. Mtafutie mume wa saizi yake."

Nikacheka. Kwetu Gusii nyanya na mjukuu hutaniana bila haya, na mambo ya waume na wake ndiyo utani wenyewe. Nilidhani ananitania kuhusu kuoa. Nikatuma pesa.

Miezi tisa baadaye ndama alitokeza miguu ya mbele na pua, basi, akaishia hapo. Wanaume wanne walivuta kwa kamba hadi usiku wa manane. Alipotoka alikuwa amekufa, ndama mzuri ajabu, mweusi na mweupe, mkubwa kama mbuzi aliyekomaa. Kemunto naye hakusimama tena. Ndama akibanwa kwenye nyonga kwa muda mrefu, mishipa ya fahamu inayoendesha miguu ya nyuma ya mama huumia. Walimgeuza ubavu huu, wakamgeuza ubavu ule, wakamkatia nepia na kumlisha kwa mkono. Siku ya nne akaja mchinjaji kutoka Keroka na bei yake ya huruma. Sikuwa hapo. Niliambiwa kwa simu, na Magokoro hakunilaumu hata kidogo, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Ndipo nikaanza kuuliza: hili swali la saizi lilitoka wapi? Kwani mababu zetu walikuwa wanapima fahali?

Hawakuhitaji sana. Ng'ombe wa Mgusii alikuwa zebu mdogo mwenye nundu, na fahali alikuwa zebu vilevile. Vijana waliwalinda kwenye ebisarate, yale maboma ya mifugo mbali na nyumbani, mpaka serikali ya kikoloni ilipoyavunja karibu mwaka 1912. Dume lilichaguliwa kwa nguvu, kwa rangi, kwa ukoo wa mama yake. Ndama wa zebu huzaliwa na uzito wa kilo ishirini hivi, na mama humtoa akiwa peke yake malishoni. Saizi ilikuwa imeshaamuliwa na vizazi vilivyotangulia.

Shida ilikuja na Wazungu wa Sotik. Ardhi ya Borabu ninayoita nyumbani ilikuwa yao: nyasi baridi, mvua nzuri, mpaka kati yetu na Wakipsigis. Wao walileta ng'ombe wa Uingereza na kuwachanganya na wa hapa. Madume waliyoazimana yalieneza magonjwa ya uzazi, na ndiyo sababu moja kubwa ya upandishaji wa mbegu kuanza Kenya mapema, mwaka 1935. Mwaka 1946 kikajengwa kituo cha Kabete, ambako fahali hukaa kama masultani na mbegu zao ndizo zinazosafiri.

Babu yangu aliingia Borabu miaka ya sitini, wakati wa mpango wa makazi wa ekari milioni moja ulioanza 1962. Alitoka Nyaribari ambako shamba lilikuwa limegawanywa hadi likawa kama kitambaa cha meza. Mkopo ulikuwa wa ardhi na pia wa maendeleo: ua, ng'ombe wa gredi. Magokoro anakumbuka kumwona huyo ng'ombe wa kwanza akadhani ana ugonjwa wa kiwele.

Halafu ikaja enzi ambayo wazee wakiizungumzia wanalainika uso. Mwaka 1966 serikali ikaanzisha huduma ya taifa ya upandishaji, na kuanzia 1971 mkulima alilipa shilingi moja. Shilingi moja! Gari lilipita kwa ratiba, wewe unampeleka ng'ombe kwenye kizuizi cha miti kando ya barabara na kusubiri. Mwishoni mwa miaka ya sabini ng'ombe zaidi ya nusu milioni walipandishwa kwa mwaka nchini. Nilipomuuliza Magokoro alikuwa anachaguaje fahali, alinitazama kama mjinga. "Kuchagua? Ulikuwa unauliza Kabete wametuma nani leo." Ila yule mtu wa gari, anasema, aliwajua ng'ombe wa njia yake yote. Ukimletea mtamba mwembamba alikuwa anamzunguka, anampapasa nyonga, na wakati mwingine anakuambia rudi naye nyumbani, akanenepe.

Huduma hiyo ilidhoofika miaka ya themanini, magari yakaharibika, na mwaka 1991 serikali ikaanza kuwaachia watu binafsi. Sasa daktari anakuja kwa bodaboda na tangi la nitrojeni, mbegu zimeganda kwa nyuzi 196 chini ya sifuri, na unaweza kupata fahali wa Uholanzi au Marekani ukiwa Nyansiongo umevaa gambuti. Hilo ni jambo zuri, sitaki kulidharau. Lakini uchaguzi umehamia kwetu, na sisi tunachagua kwa lita. Karatasi ya fahali ina pia kipimo cha wepesi wa kuzaliwa kwa ndama wake. Mimi sikusomewa, na sikuuliza.

Kilichonishangaza zaidi katika kusoma kwangu ni farasi. Mwaka 1938, kule Cambridge, Arthur Walton na John Hammond walichapisha jaribio ambalo ukilisikia utadhani ni kichekesho cha baa. Walichukua Shire, farasi mkubwa wa kuvuta mizigo ambaye hukaribia tani moja, na Shetland, kale kafarasi ambako mtoto wa shule ya msingi anaweza kukakumbatia shingo. Wakapandisha kila upande kwa mbegu, maana kwa njia ya kawaida hawangefikiana. Kila mtu angetarajia jike la Shetland lipasuke. Halikupasuka. Mtoto wake alizaliwa na ukubwa wa mtoto wa Shetland tu, huku mchanganyiko huohuo ukitoka tumboni mwa Shire akiwa mkubwa kwa mbali. Na tofauti hiyo haikufutika walipokua. Tumbo la mama ndilo lililoweka kikomo.

Niliposoma hapo nilitaka kujisamehe. Kama mama huweka kikomo, basi kosa langu liko wapi?

Liko kwa ng'ombe. Kwa farasi kondo la nyuma hushikana na tumbo karibu kila mahali, kwa hiyo tumbo dogo maana yake ni chakula kidogo. Kwa ng'ombe hushikana kwa vifundo tu. Hammond na mwenzake Joubert walirudia wazo hilo kwa ng'ombe, South Devon wakubwa na Dexter wadogo, na mwaka 1958 wakaonyesha kwamba mama mdogo humpunguza ndama kweli, lakini si kwa kiasi cha farasi. Dume bado lina sauti. Ndama wa Friesian hufika kilo arobaini, wa Jersey ishirini na tano hivi. Hizo kilo kumi na tano za katikati ndizo zilizokuwa zinavutwa na wanaume wanne usiku ule.

Na kulikuwa na kosa la pili, ambalo ni la umri. Mtamba hupandishwa akifika kama asilimia sitini ya uzito atakaokuwa nao akikomaa. Joto linaweza kuja kabla ya hapo, mwili ukiwa haujamaliza kujenga nyonga. Kemunto alikuwa bado anakua. Hata Jersey angekuwa mapema.

Desemba iliyopita nilienda nyumbani. Kuna mtamba mwingine sasa, dada wa Kemunto kwa mama. Asubuhi moja alianza kulia na kupanda wenzake, nikachomoa simu kumwita daktari, nikiwa na hamu ya kurekebisha mambo. Jersey, nikasema, safari hii Jersey.

Magokoro aliingia ndani akatoka na kamba ya katani. Alimzungushia mtamba kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, kama wanavyofanya wale wenye utepe wa kupimia uzito. Kamba ilikuwa na fundo. Sikuuliza alilifunga lini wala kwa kumpima ng'ombe yupi. Ncha zilikutana, na fundo likabaki likining'inia, vidole vinne nje.

"Mwambie daktari asije," akasema, akaikunja kamba. "Na wewe, hebu simama hapo nikupime."

Daktari alikuwa ameshafika Kijauri. Nilimlipa mafuta ya pikipiki.