Bunduki ya Babu: Soma Chapa, Usiikoki

Ukikuta bunduki kuukuu darini kwa babu, usiikoki ili kujaribu kama ni nzima. Huenda risasi bado imo ndani. Itazame tu hapo ilipo.

Ubavuni kushoto, mtutu unapoanzia, huenda ukasoma “I.G.Mod.71”. Hiyo ni Mauser ya Kijerumani ya muundo wa 1871, ya kupakia risasi mojamoja, nene, za milimita 11. Mwaka 1914 askari wengi wa Wajerumani, katika Tanzania Bara ya leo, walikuwa bado wanaibeba. Baruti yake ilitoa wingu la moshi, na adui akajua pa kulenga! Ndiyo maana bunduki za Waingereza zilizotekwa Tanga, Novemba 1914, zilipokewa kwa furaha.

Taji lenye herufi G.R. na mwaka, upande wa kulia, chini ya mkono wa kukokia, ni alama ya Kiingereza. Lakini usiharakishe kusema babu alipigania Waingereza. Jeshi la von Lettow-Vorbeck liliposalimisha silaha Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, karibu bunduki zake zote zilikuwa za Kiingereza na Kireno. Chapa hutaja kiwanda. Aliyeibeba waulize wazee.

Nakili herufi na mwaka, kisha mwite mwenyekiti wa kijiji au polisi waje wenyewe. Usiwapelekee. Na watoto watoke chumbani kwanza.