Kahawa Isiyo na Jina: Somo la Matangazo katika Shule za Meru na Embu

Mwanafunzi anayejiandaa kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, awe Nkubu kule Meru au Runyenjes kule Embu, anaweza kukutajia sifa za sajili ya matangazo ya biashara bila kusita: chuku, takriri, sentensi fupi, lugha ya kushawishi. Tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 uanze mwaka 1985 na Kiswahili kufanywa somo la lazima la kutahiniwa, tangazo limefundishwa hasa kwa njia hiyo, kama umbo la maandishi lenye sifa za kukariri. Maswali mengine hayakupewa nafasi: ni nani anayesema, anasema kwa faida ya nani, na ni nani ambaye hakupata kusema? Kwingine maswali hayo huenda yakaonekana ya ziada. Kwa Meru na Embu, historia yenyewe imeyafanya kuwa kiini cha somo.

Tuanze na kahawa. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, Waafrika nchini Kenya walizuiwa kuilima. Walowezi walidai kwamba mkulima mdogo angeeneza magonjwa ya mimea na kuharibu sifa ya kahawa ya Kenya sokoni. Chini ya madai hayo kulikuwa na hofu ya ushindani na ya kukosa vibarua. Kumbe sifa, mali kuu ya mtangazaji yeyote, ndiyo iliyotumiwa kumfungia mkulima mlango. Karibu mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliruhusu upandaji wa majaribio katika Kisii, Embu na Meru, na Mpango wa Swynnerton wa 1954, uliolenga kuendeleza kilimo cha Waafrika, ukaupanua. Kahawa ikatoka shambani hadi kiwanda cha chama cha ushirika, ikaenda kwenye mnada Nairobi, kisha ng'ambo, ambako huchanganywa na nyingine na kuuzwa kwa jina la mkaangaji. Wakati huohuo matangazo ya sabuni, siagi na dawa yaliingia vijijini kupitia kuta za maduka na redio. Ushawishi ukawa unapanda miteremko ya Mlima Kenya, na kilichoteremka ni magunia. Mtoto aliyechuma kahawa nyekundu wakati wa likizo alisoma sifa za bidhaa za wengine bila kupewa nafasi hata ya kuandika sentensi moja kuhusu ile ya kwao.

Miraa, mmea unaotafunwa ili kuchangamsha, inaonyesha upande wa pili. Huko Igembe na Tigania, Meru, bunda hufungwa kwa majani ya mgomba ili lisinyauke, na halina maandishi yoyote. Hata hivyo wanunuzi huitisha kwa majina, kangeta, giza au alele, na jina hilo hufanya kazi yote ya tangazo. Mwezi Juni 2014 Uingereza ilipoipiga marufuku, wakulima waliona jinsi zao lao linavyoweza kuelezwa upya na watu wa mbali. Mwezi Mei 2024 ilikuwa zamu ya muguka, aina ya miraa inayolimwa Mbeere, Embu. Serikali ya Kaunti ya Mombasa iliupiga marufuku ikisema unaharibu vijana, Embu ikajibu kwamba ni zao linalotambuliwa na sheria, na Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha marufuku hiyo kwa muda. Kauli za pande zote mbili zingeweza kuwekwa mezani darasani, mwanafunzi apime ipi imetoa ushahidi na ipi imetegemea hofu au huruma.

Wapo watakaosema kwamba kuingiza miraa na muguka darasani ni kuvitangazia watoto. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa vinawadhuru baadhi ya vijana kweli. Lakini mtoto wa Maua au Siakago huvipita kila siku akienda shuleni, na tukinyamaza tunamwachia muuzaji peke yake uwanja wa kusema. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 ilizuia matangazo ya sigara kwa sababu Bunge lilitambua nguvu ya matangazo hayo. Nguvu inayotungiwa sheria yafaa pia kueleweka. Somo hili lingemtaka mwanafunzi pia atunge tangazo la zao la kwao, na hapo pingamizi zito zaidi ni kwamba kumfundisha mtoto kutunga tangazo ni kumfundisha uongo. Naona ni kinyume chake, mradi kuwe na sharti moja: kila dai liweze kuthibitishwa na wenzake. Mwanafunzi akiandika kwamba kahawa ya kwao huchumwa kwa mkono ikiwa imeiva, waende kiwandani wakaone. Akiandika kwamba ndiyo bora duniani, aulizwe ameipima na ipi. Mtu akishaitunga chuku na kuifuta, haitampita tena redioni bila kuitambua.

Ni kweli madarasa yamejaa na walimu wana mengi. Lakini Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, unataka uwazaji kina na ubunifu, na somo hili halihitaji kifaa cha bei kubwa. Pakiti ya majani ya chai na tangazo lililosikika Muuga FM au Wimwaro FM vinatosha. Kinachohitajika ni mwalimu aliyezoezwa kuuliza, na vyuo vya walimu vya Kigari, Egoji na Meru vimezungukwa na mashamba yenye mifano ya aina hii.