Katikiro aliyeandika wafalme

Mwaka 1901 Waganda walipata kitabu kilichowapanga wafalme wao kwa zamu, tangu Kintu hadi Mwanga, kwa Kiganda. Aliyekiandika hakuwa padri wala mwalimu wa shule. Alikuwa Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, yaani waziri mkuu, na wakati huohuo mmoja wa walezi watatu waliotawala kwa niaba ya mfalme, Kabaka Daudi Chwa, aliyerithishwa kiti mwaka 1897 akiwa mtoto mchanga. Mwaka mmoja kabla ya kitabu kutoka, Kagwa na wenzake walikuwa wametia saini mkataba na Harry Johnston wa Uingereza, ule uliogawa ardhi ya Buganda na kuwapa machifu vipande vikubwa vya mailo, yaani ardhi ya kumilikiwa na mtu binafsi. Ukikisoma kitabu bila kuukumbuka mkataba ule, umesoma nusu tu.

Kagwa alikuwa mtu wa ukoo wa Nsenene, akakulia katika jumba la kifalme akiwa mmoja wa vijana wa utumishi. Elimu ya vijana wale ilipitia kwetu pwani. Wafanyabiashara wa Unguja walikuwa wameshawafundisha baadhi yao Qurani, na wamisionari walipofika miaka ya 1870 walianza na Injili za Kiswahili, kwa kuwa za Kiganda hazikuwepo bado. Mwaka 1886 Kabaka Mwanga aliwachoma moto wasomaji Wakristo kule Namugongo. Kagwa aliambulia kipigo cha mfalme, akabaki hai. Vikafuata vita vya dini, na katikati yake, mwaka 1889, yeye ndiye aliyefanywa Katikiro. Cheo hicho alikaa nacho hadi 1926.

Sasa mtu mwenye kazi nyingi kiasi hicho alipata wapi nafasi ya kuandika? Na hakuandika kitabu kimoja. Baada ya kile cha wafalme kilikuja cha hadithi, cha mila na desturi, cha koo za Buganda, na kimoja cha ukoo wake mwenyewe. Jibu langu ni kwamba cheo ndicho kilichokuwa zana yake. Mtafiti wa kawaida hubisha hodi na kusubiri. Katikiro alituma mjumbe, na mzee akaja. John Roscoe, mmisionari aliyetoa kitabu chake kikubwa juu ya Waganda mwaka 1911, alifaidika na mkono huohuo, maana Kagwa ndiye aliyemwitia wazee wa kuhojiwa.

Tazama anavyomweleza Kabaka mmoja. Anaanza na mama yake na ukoo alikotoka. Kisha wapi mfalme alijenga makao, wake zake na koo zao, watoto, nani alikuwa Katikiro wake na nani alishika majimbo, vita alivyopigana, alikufaje, na mwili ulilazwa wapi. Kwa msomaji wa leo orodha hizo zinachosha. Lakini Buganda haina ukoo wa kifalme: Kabaka hufuata ukoo wa mama. Kila jina la mama katika orodha ni heshima ya ukoo mzima, na ukoo usio na binti aliyezaa mfalme una sababu ya kunung'unika. Mahali ambapo wewe na mimi tungeruka ukurasa, Mganda wa 1901 alisimama na kusoma kwa kidole.

Ushahidi wenyewe ulikuwa umejengwa juu ya vilima. Kwa desturi ya zamani taya la mfalme aliyekufa lilitenganishwa na mwili, likawekwa katika nyumba yake pamoja na kitovu chake, likiwa na walinzi waliorithishana kazi na masimulizi ya enzi yake. Mutesa wa Kwanza ndiye aliyeivunja desturi hiyo. Mwaka 1884 alizikwa mwili mzima pale Kasubi. Kwa hiyo Kagwa, Mkristo aliyewahi kuponea chupuchupu kwa ajili ya dini yake, alitegemea nyumba ambazo dini hiyohiyo iliziita za kipagani. Roscoe naye alipeleka Cambridge masalia ya Kibuka, mungu wa vita, na hayakurudi Uganda hadi mwaka 1962.

Nisimtakase. Mtu aliyeandika asili ya koo ndiye pia aliyesimamia mgao wa ardhi uliomeza viwanja vya makaburi ya koo hizohizo. Miaka ya 1920 wakuu wa koo, Bataka, walisimama kudai butaka yao, yaani ardhi ya ukoo, na lawama nyingi zilimwangukia yeye.

Malalamiko makubwa zaidi yalitoka upande wa pili wa mto Kafu. Buganda ilikuwa imekabidhiwa na Waingereza ardhi iliyotekwa kutoka Bunyoro, na ndani yake yamo makaburi ya wafalme wa Kinyoro. Halafu Katikiro wa Buganda, katika kitabu chake, anawaandikia Wanyoro wafalme wao pia! Ila ndani ya kitabu hichohicho mlikuwa na kisa kilichowafaa wao. Kagwa mwenyewe anaeleza kwamba Kimera, Kabaka wa tatu, alizaliwa Bunyoro na Wannyana, mke wa mfalme wa huko, baba yake akiwa mwana wa mfalme kutoka Buganda. Wanyoro wanasimulia vingine: kwao Kimera ni pacha wa Rukidi, mfalme wa kwanza wa nasaba ya Babito, na hivyo kiti cha Buganda ni tawi la kwao. Kati ya 1935 na 1937 mwandishi aliyejificha nyuma ya herufi K.W., ambaye ni Omukama, yaani mfalme wa Bunyoro, Tito Winyi, alitoa katika jarida la Uganda Journal orodha ndefu ya wafalme wa Bunyoro-Kitara. Mwaka 1947 John Nyakatura, chifu aliyekuwa mwandishi, alitoa kitabu kizima. Ni vigumu kuamini kwamba vingeandikwa hivyo kama Kagwa asingetangulia.

Na ile ardhi iliyotekwa? Novemba 1964 wakazi wa majimbo yake mawili, Buyaga na Bugangaizi, walipiga kura, wakachagua kurudi Bunyoro.

Kagwa hakuyaona hayo. Alijiuzulu mwaka 1926 baada ya kugombana na ofisa wa Kiingereza, akaanza safari ya kwenda London kushtaki, akafia Nairobi Februari 1927. Nairobi hiyohiyo ndiko kilikotolewa mwaka 1971 kitabu cha wafalme kwa Kiingereza, tafsiri ya mwanahistoria M.S.M. Kiwanuka, ambaye hakuona haya kumsahihisha mwandishi kwa maelezo marefu. Wakati huo falme zilikuwa zimefutwa tangu 1967, na mwaka huohuo wa tafsiri mwili wa Kabaka Mutesa wa Pili, aliyefia uhamishoni London, ulirudishwa kuzikwa Kasubi.