Ufadhili wa utafiti na mafunzo kwa wanasayansi vijana: aina, masharti na wakati wa kuomba

Mhitimu wa sayansi anayetafuta nafasi ya utafiti hukutana na masharti yanayovutana. Baadhi ya wafadhili humtaka awe na uzoefu wa kazi, ilhali wengine humwondoa katika ushindani iwapo miaka mingi imepita tangu ahitimu. Anayeyafahamu masharti hayo akiwa bado chuoni hupata muda wa kujipanga. Asiyeyafahamu huweza kupoteza sifa bila kujua. Makala haya yanaeleza aina za ufadhili, fursa zilizopo ndani na nje ya Tanzania, na mambo ya kuzingatia kabla ya kuomba.

Aina za ufadhili

Mafunzo kwa vitendo ni sehemu ya mtaala, na mwanafunzi huyafanya kabla ya kuhitimu. Mafunzo tarajali hufuata baada ya masomo. Kwa daktari wa binadamu huchukua mwaka mmoja na ni sharti la kupata usajili kamili. Ufadhili wa masomo hugharamia ada, na mara nyingi posho ya kujikimu, nauli na bima ya afya. Ruzuku ya utafiti hugharamia kazi yenyewe, yaani vifaa, vitendanishi vya maabara na safari za uwandani.

Ni muhimu kuzitofautisha aina hizi. Mwanafunzi wa uzamili aliyelipiwa ada pekee anaweza kumaliza masomo ya darasani vizuri, kisha akakwama katika hatua ya kukusanya data kwa kukosa fedha za maabara. Kabla ya kukubali nafasi, mwombaji anapaswa kuuliza ni gharama zipi zinazolipwa, kwa muda gani, na nani atabeba gharama zinazosalia.

Fursa za ndani ya nchi

Katika ngazi ya shahada ya kwanza, Serikali ilianzisha Ufadhili wa Samia katika mwaka wa masomo 2022/2023 kwa wanafunzi waliofaulu kwa kiwango cha juu masomo ya sayansi katika mtihani wa kidato cha sita, wanaojiunga na programu za sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba katika vyuo vikuu nchini. Kwa wanafunzi wengine wenye sifa, mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hujumuisha pia mafunzo kwa vitendo na utafiti.

Kwa upande wa utafiti, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986, husimamia Mfuko wa Taifa wa Uendelezaji wa Sayansi na Teknolojia na hutangaza miito ya maandiko ya utafiti. Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, hutoa mafunzo ya uzamili na uzamivu. Miradi ya utafiti inayoendeshwa katika vyuo vikuu na taasisi, kama vile Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na Taasisi ya Afya Ifakara, nayo huweza kuwa na nafasi za wanafunzi ndani yake. Nafasi za aina hii hutangazwa na mradi husika, hivyo ni busara kufuatilia matangazo ya idara na taasisi moja moja.

Fursa za kikanda na kimataifa

Jijini Nairobi, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu cha icipe, kilichoanzishwa mwaka 1970 na mwanasayansi Thomas Odhiambo, kimekuwa kikiendesha programu ya uzamivu kwa Waafrika tangu mwaka 1983. Mtandao wa AIMS, ulioanzia Afrika Kusini mwaka 2003 na wenye kituo nchini Rwanda, hufundisha uzamili katika sayansi za hisabati.

Kwa wahitimu wa fizikia na hisabati kutoka nchi zinazoendelea, kituo cha ICTP cha mjini Trieste, Italia, hutoa stashahada ya maandalizi ya uzamivu. Mjini humo pia kuna makao ya OWSD, shirika linalofadhili wanawake kusoma uzamivu katika nchi za Kusini. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilianzisha mwaka 2020 ufadhili wenye jina la Marie Skłodowska-Curie kwa wanawake wanaosoma uzamili katika fani za nyuklia. Kiwango chake hufika euro 20,000 kwa mwaka, kwa muda usiozidi miaka miwili.

Wakati wa kuomba

Ufadhili wa Chevening wa Uingereza hugharamia uzamili wa mwaka mmoja na humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi wa takribani miaka miwili. DAAD ya Ujerumani, kwa programu zake nyingi, hutaka shahada ya mwisho iwe haijapitisha miaka sita. Ufadhili wa Umoja wa Ulaya kwa watafiti waliomaliza uzamivu huzuia mtu aliyekaa katika nchi atakayofanyia utafiti kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia.

Kwa hiyo, mhitimu anayefanya kazi kwa miaka miwili au mitatu kisha akaomba huwa na nafasi pana zaidi kuliko anayesubiri miaka saba. Katika kipindi hicho, kazi katika maabara, kituo cha utafiti au shule humjengea wasifu na kumpatia watu wanaoweza kumwandikia barua za mapendekezo.

Maandalizi ya maombi

Nyaraka zinazohitajika kwa kawaida ni hati ya kusafiria, vyeti, hati ya matokeo, wasifu, barua za mapendekezo na andiko la utafiti. Andiko lieleze tatizo moja linalopimika, mbinu ya kulichunguza, muda na gharama. Andiko kuhusu “uchafuzi wa maji Tanzania” ni pana mno. Lile linalopima kiwango cha floraidi katika visima vya kata moja mkoani Arusha linaweza kutekelezwa na kutathminiwa.

Mwombaji wa uzamivu anashauriwa kuwasiliana na msimamizi mapema, kwa barua fupi inayoonesha kwamba amezisoma kazi zake. Utafiti wa afya unaohusisha binadamu huhitaji kibali cha maadili, ambacho kwa Tanzania Bara hutolewa kitaifa chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Muda wa kukipata uwekwe katika ratiba ya utafiti. Mtumishi wa umma anatakiwa kupata ruhusa ya mwajiri kabla ya kuondoka.

Tahadhari

Chevening na Tume ya Ufadhili ya Jumuiya ya Madola hazitozi ada ya kuomba. Mtu anayedai malipo kwa ahadi ya kumhakikishia mwombaji nafasi katika programu hizo anapaswa kutiliwa shaka, na tangazo lolote lihakikiwe katika tovuti rasmi ya mfadhili. Aidha, kabla ya kujiunga na chuo cha nje, mwombaji ahakikishe kupitia Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kwamba tuzo za chuo hicho zinaweza kutambuliwa nchini.

Mkataba nao usomwe wote kabla ya kutiwa saini. Chevening, kwa mfano, humtaka mnufaika kurejea nchini kwake kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Anayelifahamu sharti hilo mapema huweza kupanga kazi atakayorudi kuifanya, na taasisi atakayoifanyia.